Kwa binti anayeshuka Bukavu kutafuta kazi ya redio

Mdogo wangu, kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa yakishatoka, wasichana watatu au wanne hufika mlangoni kwetu, hapa redioni Bukavu, mashariki ya Kongo, kila mmoja na begi lake moja. Huyu ametoka Walungu, yule Kalehe, mwingine amevuka ziwa kutoka Idjwi. Wote wananiuliza swali lilelile: "Yaya (dada mkubwa), nianzie wapi?" Nimelijibu mara nyingi kwa haraka, nimesimama, mlango wa studio ukiwa nusu wazi. Leo nimekaa chini nikujibu vizuri.

Mimi nilikulia upande wa Mugogo, kule Walungu. Redio ya baba ilikuwa inakula betri nne. Zikilegea tulizianika juani kando ya mihogo, na jioni zilitoa dakika chache nyingine. Baba hakukubali hata moja ya hizo iende kwa muziki; zote zilikuwa za habari. Tulisikiliza Radio Maendeleo, redio ya wananchi iliyoanzishwa hapa Bukavu mwaka 1993. Mwaka 1999 waasi wa RCD wakaifunga. Namkumbuka baba akiipapasa ile redio jioni baada ya jioni, akidhani ni betri zilizokufa. Nilikuwa mtoto, lakini siku alipoambiwa ukweli nilielewa kwamba ile sauti ilikuwa ya watu, na kwamba watu wanaweza kunyamazishwa. Iliporudi hewani mimi nilikuwa nimeshaamua.

Nilianza staji, yaani kujifunza kazi redioni, mwaka 2008. Siku ya kwanza nilipewa karatasi ya Kifaransa niisome kwa sauti. L na R zikagombana mdomoni, watu wakacheka, na mmoja akasema, "Huyu anasoma sawa vile bamama ba soko ya Kadutu." Nilirudi Cimpunda kwa shangazi yangu, nikalia usiku kucha. Halafu nikatumia miezi mitatu kujifundisha kusema kama watoto waliozaliwa Nguba, mtaa wa mjini. Nilianza hata kuwajibu kwa Kifaransa watu wa kwetu waliokuja studio na matangazo ya misiba. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ndilo ninaloliona kwa karibu kila msichana anayefika. Anadhani kijiji ni tope la kupangusa mlangoni kabla ya kuingia.

Sikuambii uache kujifunza. Kifaransa utakihitaji: sheria, taarifa za gavana, ripoti za mashirika, vyote vinaandikwa kwa lugha hiyo, na asiyesoma vizuri atalishwa maneno. Soma kwa sauti kila asubuhi, robo saa, mpaka ulimi utii. Rekebisha L na R zako kwa sababu msikilizaji anastahili kuelewa, basi. Ila usije ukaizika lugha ya kwenu, iwe Mashi, au Kihavu, au Kilega, au Kifuliiru, au Kibembe. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa hapa Kongo, tangu ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, inatangaza kwa lugha tano: Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Tshiluba na Kikongo. Hesabu mwenyewe ni wamama wangapi wa milima yetu ambao hawajatajwa hapo. Hao ndio watu wako, na katika chumba cha habari chenye watu kumi pengine ni wewe peke yako utakayeweza kukaa nao bila mkalimani.

Nilikujaje kuliona hilo? Tulitumwa wawili Mugogo siku ya soko, mimi na mwenzangu wa mjini, kijana hodari kabisa, kuandaa kipindi juu ya bei ya vyakula. Yeye akamwendea mama mmoja, akamwekea maikrofoni mdomoni, akauliza: "Mama, bei ya maharagwe imepanda kwa asilimia ngapi?" Mama akatazama chini, akasema hajui. Wa pili naye hajui. Mwenzangu akaanza kusema watu hawa hawana habari. Mimi nikachuchumaa kando ya yule mama wa kwanza, nikamsaidia kuchambua mawe kwenye maharagwe yake, nikamuuliza kwa Mashi amelima wapi msimu huu na mvua ilikuwaje. Kisha nikamuuliza: "Mwezi uliopita ulikuwa unapikia watoto Guigoz ngapi, na sasa ngapi?" Guigoz ni lile kopo la maziwa tunalopimia vyakula. Mama yule alisema dakika kumi na mbili bila kupumua. Akanieleza shamba alilokodi, gunia alilolipa kwa mwenye shamba, pesa zinazodondoka kwenye vizuizi kati ya soko na mjini, na mtoto aliyeacha shule. Alikuwa na hesabu yote kichwani. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza kwa kipimo chake.

Kwa hiyo kijijini usianze na swali. Unajua hivyo tangu utotoni, sema mjini wanakufundisha kusahau. Salimia, uliza shamba, uliza mgonjwa, shika kazi anayoifanya. Dakika hizo si za kupoteza, hata kama mkuu wa habari anapiga simu kuuliza uko wapi. Na ukirudi studio, usiitafsiri habari neno kwa neno. Wakisema bajeti ya mkoa imepunguzwa, tafuta ni zahanati gani itakosa dawa, sema hiyo.

Mambo ya mashine nayapitia haraka, maana utayashika kwa kuyafanya. Jifunze montaji, yaani kukata na kuunganisha sauti, wiki ya kwanza, usingoje kufundishwa. Wanaume wa studio watakwambia "acha nikufanyie, dada", na kama ukikubali mara kumi, mwaka utaisha wewe ukiwa bado msomaji wa karatasi za wengine. Simu ya kawaida inatosha kurekodi: izime mtandao ili isilie katikati, ishike umbali wa kiganja kimoja kutoka mdomoni, geuzia upepo mgongo. Kabla ya kuondoka rekodi nusu dakika ya mahali penyewe, bila mtu kusema, hata kama ni kuku na mvua tu, utaihitaji kuunganishia. Weka nakala mahali pawili siku hiyohiyo, kwa sababu umeme wa Bukavu haukuambii utakatika saa ngapi.

Sasa pesa. Staji nyingi hazilipi, na baadhi ya vituo vitakuita stajeri miaka miwili. Panga na familia kabla ya kushuka: nani atakulaza, nani atakulisha, kwa muda gani. Uliza kwa heshima, mwezi wa tatu, kama kuna mkataba mbele, na kama jibu ni moshi, tafuta kwingine huku ukiendelea kufanya kazi. Wasichana wengi wanaumia kwa sababu wanaona aibu kuuliza.

Utakutana pia na kupaji. Ni ile bahasha anayoigawa mwenye semina au mwanasiasa mwisho wa mkutano, anaita pesa ya usafiri. Nitakuwa mkweli kwako: ninajua waandishi wazuri wanaoipokea kwa sababu mshahara haufiki, na sitawahukumu wakati watoto wao wanalala njaa. Lakini nimeona inavyofanya kazi. Mara ya kwanza hakuombi kitu. Mara ya tatu anakupigia simu kabla ya matangazo kuuliza habari yake itasomwa ya ngapi. Bora umwombe mkuu wako nauli ya motari (mwenye pikipiki), na kama kituo hakina nauli, chagua habari unayoifikia kwa miguu. Kadutu na Bagira zimejaa habari za miguu.

Kuna bei nyingine inayotozwa wasichana peke yao, na nitaisema waziwazi kwa sababu mimi hakuna aliyeniambia. Mkuu mmoja, katika kituo ambacho sitakitaja, aliniambia kipindi cha asubuhi kitakuwa changu tukikutana kwanza hotelini jioni "kukipanga". Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, sina mkataba, sina ndugu mkubwa mjini. Sikuenda, na kipindi sikukipata. Nilikaa miezi sita nikisoma matangazo ya vitu vilivyopotea. Kilichoniokoa ni kwamba usiku uleule nilimweleza mama mmoja wa kazini, naye akaanza kutoka nami kila jioni mpaka kituo cha magari. Ukiombwa hivyo, sema kwa mtu siku hiyohiyo, hifadhi ujumbe wa simu, usikutane naye peke yako. Hukukosea kitu. Yeye ndiye amekosea.

Na usikae peke yako. Wanahabari wanawake wa mkoa huu walijiunga mwaka 2003, wakaunda chama chao, AFEM, hapahapa Bukavu, na baadaye kikazaa redio, Mama Radio. Mmoja wa walioanzisha, Chouchou Namegabe, alianzia Radio Maendeleo, na mwaka 2009 alisimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kueleza yanayowapata wanawake wa Kivu. Caddy Adzuba wa Radio Okapi alipewa tuzo ya Mwana wa Mfalme wa Asturias, kule Hispania, mwaka 2014. Siwataji ili uote tuzo. Nawataja kwa sababu walikusanya sauti za wamama mmoja mmoja, kilima kwa kilima, wakati watu wengi hawakutaka hata kuzisikia.

Hapo nafika kwenye jambo zito kuliko yote. Kwa kuwa unatoka kijijini na unajua lugha, watakutuma wewe kwa wanawake waliofanyiwa ukatili. Watakufungulia moyo. Nami nataka ujue nilichofanya.

Mwaka 2010 nilimrekodi mama mmoja. Alisema yote. Nilibadilisha jina lake, nikabadilisha na sauti kwenye montaji, nikaridhika. Lakini katika utangulizi nilisema ni mjane mwenye watoto watano anayeuza mafuta ya mawese nyuma ya kanisa. Kijiji chenye kanisa moja kina wauza mawese wangapi nyuma yake? Kabla ya jua kuzama walishamjua. Wakwe zake wakamtoa kwenye nyumba ya marehemu mumewe. Nilikwenda kumwomba radhi, akanikaribisha, akanipa kiti, na hakunilaumu hata kwa neno moja. Nimebeba kile kiti mpaka leo.

Tangu hapo, kabla ya kurusha, naisikiliza habari nikijifanya jirani yake, tena jirani mmbeya. Chochote kinachonifikisha mlangoni kwake nakitoa: idadi ya watoto, biashara, kilima, aina ya kitenge, hata jina la mto. Namuuliza ruhusa mara mbili, siku ya kurekodi na tena kesho yake baada ya kulala, na akigeuza mawazo nafuta mbele yake. Simuulizi walikuwa wangapi wala walifanyaje. Namuuliza alipata matibabu wapi, nani alimsaidia, anataka wakubwa wasikie nini. Wamama wetu wanasema "walinichukua kwa nguvu" na kunyamaza hapo. Wewe usilete neno gumu la karatasini kulijaza lile pengo. Na simwahidi msaada nisioweza kuutoa. Najua njia ya kwenda hospitali ya Panzi, inayotibu wanawake waliofanyiwa ukatili, najua mtu wa kumpokea, hilo naweza.

Usalama wako pia. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa kwa risasi hapa Bukavu Juni 2007. Novemba 2008, mimi nikiwa bado stajeri, akauawa mwenzake Didace Namujimbo. Baba alituma mtu anirudishe nyumbani, sikurudi, lakini niliacha kupita njia moja kila siku. Tangu waasi wa M23 walipoingia mjini Februari 2025, wenzetu wengi wameondoka, wengine wamenyamaza. Usimwite yeyote mwoga kati yao. Namba muhimu ziandike kwenye karatasi, simu zinachukuliwa. Usiweke mtandaoni ulipo mpaka utakapokuwa umeshaondoka. Habari ukiona itakugharimu maisha, ihifadhi, siku yake itafika.

Familia nayo itakusumbua, usishangae. Kwetu walisema msichana anayesikika kila mahali hataolewa. Sikubishana. Nilipanda kila mwisho wa mwezi na chumvi na sabuni, nikakaa jikoni na mama, nikafua. Baba hakuniambia neno juu ya kazi yangu kwa miaka miwili. Kisha asubuhi moja, nilipomaliza kipindi cha masoko, simu ikalia. Alikuwa yeye, kwa uniti alizokopa kwa jirani.

"Ile bei ya maharagwe uliyosema ni ya Kadutu," alisema. "Ya Mugogo haiko hivyo. Andika nikutajie."

Nikachukua kalamu, na kesho yake nikasahihisha hewani.