Kujitoa mapema kwenye simu ya kulipa kila siku: yalivyonikuta mimi

Mdogo wangu wa Likoni, umesema ulichukua simu ya malipo ya kila siku, umelipa miezi mitano, kazi imekwisha na sasa wataka kujitoa. Wenzio wawili wamekujibu, "Acha tu kulipa, watakufanya nini?" Wallahi usiwasikize. Watakachofanya ni kuifunga simu kutoka hukohuko waliko, isitumike, na ikishafungwa huna tena la kupatana nao. Ongea nao wakati bado hujakosa hata siku moja.

Mimi nauza viazi karai na mahamri karibu na kivuko. Simu yangu nilichukua duka moja pande za Mwembe Tayari. Taslimu ilikuwa 14,500. Nikaweka 3,000 ya kwanza, kisha 75 kila siku kwa siku 365. Sabini na tano ni kitu gani? Chai na mahamri. Ndivyo unavyouziwa, jumla hutajiwi. Mimi mwenyewe niliijua usiku mmoja nikiwa na daftari la wanaonikopa viazi: 75 mara 365 ni 27,375, weka na ile 3,000, yafika 30,375. Simu mbili na chenji! Hapo nilikuwa nishalipa siku 210, jumla 18,750 pamoja na ile ya kwanza. Bei ya simu nishaipita zamani, na bado nadaiwa 11,625.

Nikarudi dukani. Kijana akaniambia, "Mama, haiwezekani, lipa tu mpaka siku ya mwisho." Simlaumu sana. Yeye chake hupata siku ya kuuza, ya kumaliza deni hayamhusu. Kwa hivyo usipoteze nauli, piga namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye mkataba.

Na hapo chunga maneno. Ukisema "nataka kuvunja mkataba", watakusomea adhabu. Sema hivi: "Nataka kulipa deni lote. Nitumieni kiasi cha kumaliza, kwa maandishi." Wa kwanza alinitajia 11,625 ileile. Nikamuuliza, kama namaliza leo, hizi siku 155 zilizobaki mwanitoza riba ya nini na pesa zenu sitakuwa nazo? Akaniwekea muziki mpaka salio likaniishia. Kesho yake nikapata dada mwingine, nikamwambia Katiba yetu, ibara ya 46, yampa mnunuzi haki ya kuelezwa habari za kitu anachonunua, nami naomba hesabu yangu tu. Sijui ni Katiba au ni huruma yake, lakini jioni ujumbe ukaingia: 8,300, ilipwe ndani ya siku saba. Wiki ile ilikuwa zamu yangu ya kupokea pesa za mchezo na akina mama wenzangu. Nikalipa, nikaokoa 3,325.

Nilidhani yamekwisha. Siku ya tatu naamka, simu imefungwa, yanidai 75! Kumbe malipo yangu yamesomeka lakini hakuna aliyekwenda kuitoa ile programu ya kufunga. Nikachomoa laini nikaitia kwenye simu ndogo ya mulika mwizi ya mamangu, wateja wakaendelea kunilipa kwa M-Pesa kama kawaida. Hili wengi hawalifikirii: laini ni yako, mkataba ni wa simu. Ila picha na namba zilizo ndani ya simu zaweza kukwama, kwa hivyo zihamishe leo kabla hujaanza mabishano. Ilinichukua siku mbili nzima, na ujumbe wa M-Pesa mkononi, mpaka wakaifungua. Kama ulifuta jumbe zako, bonyeza *334# uombe taarifa ya malipo. Baada ya hapo dai barua ya kuonyesha deni limekwisha, ama siku moja utaenda kuomba mkopo uambiwe jina lako liko CRB, kule wanakoweka rekodi za wadaiwa.

Kuhusu kuirudisha: kama uko wiki ya pili au ya tatu, huenda ikawa afadhali, uipoteze ile ya kwanza uende zako. Kwa miezi mitano, fanya hesabu kwanza, maana pesa ulizolipa kwa kawaida hazirudi. Ukiirudisha, toka na risiti yenye namba ya utambulisho wa simu yenyewe (IMEI), ile inayotokea ukibonyeza *#06#.

Iko Sheria ya Ununuzi wa Kukodi (hire purchase), sura ya 507, isemayo ukishalipa thuluthi mbili ya bei yote, mwenye mali hawezi kukunyang'anya bila kwenda kortini. Kwangu thuluthi mbili ilikuwa 20,250, nilibakisha siku ishirini tu niifikie. Lakini nilipousoma mkataba wangu vizuri, umeandikwa ni "mkopo", na wao watang'ang'ania neno hilo, waseme sheria hiyo haiwahusu. Halafu simu si kabati. Hahitajiki mtu kuja na mkokoteni kuibeba, huifunga wakiwa wamekaa ofisini. Wakikudhulumu hasa, iko korti ya madai madogo, husikiliza kesi zisizozidi shilingi 1,000,000 na huhitaji wakili. Na wakianza kuwapigia shemeji zako kuwatangazia deni, hilo ni la Kamishna wa Data, kwa sheria ya kulinda data ya 2019.

Mafundi wa kupiga flashi, wanaofuta programu ya simu ili kufuli litoke, waepuke. Mpwa wangu alilipa 1,500, simu ikafunguka, akatamba mtaa mzima. Alipowasha intaneti, kufuli likarudi. Kuiuza nako ndiko kubaya zaidi, kwa sababu si yako mpaka umalize, na itamfungikia aliyeinunua. Nawe wakaa Likoni, kila siku wapanda feri hiyohiyo moja. Utajificha wapi?

Sasa nieleze: walipa shilingi ngapi kwa siku, uliweka ngapi mwanzo, na mkataba wako wasema mkopo au ununuzi wa kukodi? Nitakupigia hesabu hapahapa.