Kabla hujachora madhabahu, piga makofi

Juzi kijana wa Newala kanitumia meseji, "kaka nami nataka kazi za makanisa kama wewe, nianze na nini?" Akaweka na mchoro wa madhabahu, jipsamu ngazi tatu, taa za rangi zinazunguka, msalaba wa kioo. Najua wengi mnaosoma hapa ndo ndoto yenu, hamtaki kuzeeka mnachonga vitanda vya watu.

Sasa sikia. Kuna kamati ya ujenzi hapa Mtwara, kanisa silitaji, niliwapelekea mchoro: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini jua lisizipige, matofali ya matundu upande wa kusi upepo uingie, dari ya mbao. Mwenyekiti akauangalia kama tiketi ya daladala, akasema "fundi, hii ya kijijini, sisi tunataka ya kisasa." Wakaleta mtu wa Dar. Taili chini, taili ukutani, vioo vya alumini visivyofunguka. Siku ya uzinduzi palipendeza, sibishi. Ila mchungaji kufungua mdomo tu, "Bwana asifiwe" ikamrudia mwenyewe usoni! Wakaongeza spika, ikazidi, wakaongeza tena, bibi zetu wa benchi za nyuma wakawa wanaitikia amina kwa kukisia huku wanajipepea na vitenge.

Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, ukuta wa nyuma ukiwa mita 17 kutoka mimbari inaenda na kurudi kwa sekunde 0.1, neno la pili linakanyagwa na la kwanza. Spika haitibu hilo, inalipigia kelele. Kwa hiyo ingia kanisa likiwa tupu, simama kwenye mimbari, piga makofi usikilize kama sauti inakurudia.

Mwaka huu baada ya hela ya korosho kuingia ndo wakanipigia. Nimevalisha ukuta wa nyuma mikeka ya ukili, nimeacha uwazi kidogo nyuma yake, vioo nimevitoa nikaweka madirisha ya kufunguka. Jumapili nimekaa mwisho kabisa, mahubiri nimesikia yote na spika moja. Mwenyekiti kanipa mkono, neno hakusema. Sijasahau na sitasahau.

Vijana, acheni kukimbilia taa. Piga makofi kwanza! Mkipata kazi ya Wakatoliki msibandike altare, yaani madhabahu, ukutani, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962 hadi 1965) inatakiwa isimame peke yake padri aizunguke. Na mkipita Ndanda ingieni kanisa la abasia la Wabenediktini, mkae nyuma msikilize watawa wakiimba, mtajifunza kuliko kwenye picha za simu.

Halafu mbao. Tuna mpingo huku kwetu, Wamakonde wanauchonga dunia nzima inanunua, ninyi mnabandika plastiki ya dhahabu. Ila mpingo haukupi ubao mpana, umepinda na mara nyingi katikati una uwazi, hivyo fremu ya mimbari piga mninga, mpingo uwe sura ya mbele, na ile ngozi yake nyeupe pembeni usiirande yote, iache kama mstari.

Hela chukua nusu kabla hujagusa randa. Ile kamati nimewabana hivyohivyo, nusu iliyobaki wamenilipa baada ya mnada mwingine wa korosho, tena kwa kupigiwa simu.