Nesi Anajibu: Chanjo ya mafua na watoto waliosinzia

SWALI: Shikamoo Nesi. Nina watoto wawili, na mdogo wangu ni mjamzito. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hakukaliki. Kaka anasema chanjo ya mafua ya nguruwe ya mwaka 2009 iliwapa watoto ugonjwa wa usingizi, na kwamba mwaka 1976 Marekani ilisimamisha chanjo ya mafua baada ya watu kupooza. Shemeji anasema huo ni uzushi mtupu, chanjo ni salama asilimia mia. Janga jingine la mafua likija, nimsikilize nani? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako hajazusha. Tena nikuambie ukweli, aliyeniudhi zaidi ni shemeji. Miaka yote niliyoshika sindano sikuwahi kumwambia mzazi “asilimia mia”, maana siku akisikia habari kama ya kaka yako hatakuamini tena hata ukimwambia anawe mikono.

Tuanze na usingizi. Chanjo yenyewe iliitwa Pandemrix, na watu zaidi ya milioni 30 walichanjwa nayo barani Ulaya. Agosti 2010 Sweden na Finland zikatoa taarifa kwamba baadhi ya watoto na vijana waliochanjwa wamepata narkolepsi. Usidhani ni uvivu wa kuamka. Mtoto anasinzia katikati ya sentensi anayoiandika, kalamu ikaburuta mstari hadi ukingoni mwa daftari. Anacheka utani wa mwenzake, magoti yanalegea, anaanguka huku akili zake timamu na anasikia kila kitu. Ni ugonjwa wa maisha. Uingereza watafiti walikadiria kisa 1 kwa kila dozi 52,000 hadi 57,500 walizopewa watoto. Julai 2011 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikashauri chanjo hiyo isitumike kwa walio chini ya miaka 20, isipokuwa pale ambapo hakuna nyingine na kinga inahitajika kweli. Wengi walioathirika walikuwa na aina fulani ya jeni ya kinga waliyozaliwa nayo. Chanjo nyingine za janga lile hazikuonyesha tatizo la kiwango hicho, ndiyo maana ukiniuliza “chanjo ni salama?” nitakurudishia swali: chanjo ipi, apewe nani, na nje kuna ugonjwa gani?

Hilo la mwisho ndilo kaka yako analoliruka. Mwaka 1976 kirusi cha mafua ya nguruwe kilizuka katika kambi ya jeshi ya Fort Dix, New Jersey, askari mmoja akafariki. Rais Gerald Ford akaamua Wamarekani wote wachanjwe, na zaidi ya milioni 40 wakachanjwa. Kisha vikaonekana visa vya Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu, udhaifu unaanzia miguuni na kupanda juu. Lilikuwa ongezeko la takriban kisa 1 kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Desemba mpango ukasimamishwa. Na janga lenyewe? Halikutokea. Kirusi kilikwama kambini. Kwa hiyo hata madhara yale machache yalikuwa hasara tupu.

Mwaka 2009 mambo yalikuwa kinyume. Kirusi kilizunguka dunia nzima, na wataalamu wa Marekani wanakadiria kiliua watu kati ya 151,700 na 575,400 katika mwaka wake wa kwanza. Mafua ya kawaida huwamaliza zaidi wazee, lakini safari hii takriban asilimia 80 ya waliokufa walikuwa chini ya miaka 65.

Wajawazito walikuwa miongoni mwa walioumia sana, kwa hiyo mdogo wako asikae kusubiri ugomvi wa kundini uishe. Norway walifuatilia mimba zaidi ya 100,000 za kipindi kile: mama aliyeugua mafua alikuwa katika hatari karibu mara mbili ya kupoteza mtoto tumboni, ilhali chanjo haikuonekana kuongeza hatari hiyo. Aende kliniki yake, aulize jina la chanjo inayotolewa, aseme kama ana mzio au kama aliwahi kupata Guillain-Barré, na akishachomwa akae benchi dakika 15. Kadi ya chanjo isitupwe. Namba ya toleo iliyoandikwa pale ndiyo inayosaidia kufuatilia pakitokea neno.

SWALI: Nesi, je, si kweli kwamba Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga mwaka 2009 ili makampuni yauze dawa? – Msomaji Mgumu

JIBU: Janga lilitangazwa Juni 11, 2009, na ugonjwa ulikuwapo, takwimu umeziona hapo juu. Ila manung’uniko hayakutoka hewani. Majina ya wajumbe wa kamati ya dharura iliyolishauri shirika hilo yalifichwa hadi Agosti 2010, na ilibainika kwamba baadhi ya wataalamu walioandika miongozo ya awali waliwahi kulipwa na watengenezaji wa dawa. Jopo lililochunguza baadaye halikukuta hila, lakini lililaumu shirika kwa usiri. Nami nalaumu. Ukificha majina, usishangae watu wakijaza wenyewe.

SWALI: Nimeambiwa chanjo ya mafua ina zebaki. Kweli?

JIBU: Baadhi. Kichupa cha dozi nyingi hutobolewa mfuniko wake wa mpira tena na tena, na kila tobo ni mlango wa bakteria, hivyo hutiwa kihifadhi kiitwacho thiomersali. Dozi huwa na kama mikrogramu 25 za zebaki, ya aina inayotoka mwilini haraka kuliko ile ya kwenye samaki. Ikiwa bado inakukosesha raha, uliza sindano iliyojazwa dozi moja kiwandani. Hizo kwa kawaida hazina.