Kitwitwi na kereng'ende kwenye malambo ya nyika

Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kutoka Mombasa hadi Bwawa la Aruba, Tsavo Mashariki, kutazama ndege kitwitwi na mdudu kereng'ende, ilhali kitwitwi tunao kwenye matope ya Tudor. Nakushauri uende, ila uyaache mazoea ya pwani: huku tunavizia maji yakipwa, na kule hakuna kupwa wala kujaa, kwa hiyo fika mapema asubuhi, jua likiwa mgongoni, uzime injini na utazame kwa darubini ukiwa ndani ya gari. Kitwitwi utamtambua kwa mkia usiotulia.

Kereng'ende wanataka jua kali. Adhuhuri huenda ukamwona mmoja kwenye ncha ya kijiti ameinua mkia wima kuelekea jua, na hayo si madaha (mimi nilidhani hivyo zamani), bali anapunguza sehemu ya mwili inayochomwa. Yule wa manjano asiyetua ovyo, ambaye huvuka Bahari ya Hindi akisaidiwa na upepo, hutaga katika madimbwi ya mvua, na watoto wake hukua kwa wiki chache tu, kabla maji hayajakauka. Chagua basi Novemba, vuli ikishanyesha.