Tanini ya miwati: maelekezo kwa wanaoanza kazi ya ngozi

Ndugu mnaoanza kusindika ngozi kwa magome ya miti, zoeeni mapema kwenda taratibu, kwa maana tanini, ile dawa ya asili iliyomo kwenye magome hayo, haikubali kuharakishwa. Ndiyo inayoleta ukakasi ulimini mtu anapotafuna ndizi mbichi au bibo la mkorosho, kwa kuwa hushikamana na protini za mate. Katika hodhi hushikamana vivyo hivyo na kolajeni, protini kuu ya ngozi, na kuifunga hata bakteria washindwe kuiozesha.

Wengi wenu mtatumia unga wa muwati, mti wenye asili ya Australia ambao nyanda za Njombe zimeupanda kwa wingi tangu kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanzishwa mwaka 1949. Pwani magome ya mkandaa yametumika tangu zamani, lakini mikoko inalindwa kisheria, na kuambua gome lote ni kuua mti; kwa hiyo sioni sababu ya kuigusa wakati muwati hupandwa, huvunwa na kupandwa tena.

Ngozi ikishatolewa manyoya kwa chokaa, ioshwe mpaka chokaa iishe, kisha ianze katika maji hafifu ya tanini na kuhamishwa hatua kwa hatua kwenye maji makali zaidi. Anayeanza na maji makali hufunga uso wa ngozi pande zote mbili, na tanini iliyobaki haipati njia ya kupenya. Kwa nje ngozi hiyo hupendeza, ni ya kahawia na imekaza, lakini ndani ni mbichi. Msiamini rangi ya juu hata siku moja. Kateni kipande chembamba pembeni, kwenye unene mkubwa, mkitazame mkatoni penye mwanga: mstari mweupe katikati maana yake bado. Mkiwa na shaka, kilowesheni kwenye siki kwa dakika chache. Sehemu isiyoiva itavimba na kupitisha mwanga kama kamasi. Ngozi nene huhitaji wiki kadhaa, ilhali kromu, yaani chumvi za madini zinazotumiwa viwandani badala ya tanini, humaliza kwa siku chache tu, na mteja anayeharakisha ni heri aambiwe hivyo mapema kuliko kupewa soli itakayomharibikia.

Ndoo za chuma, misumari na visu vyenye kutu viwekwe mbali na hodhi. Tanini ikikutana na chuma hutoa weusi wa wino, na doa hilo halitoki kwa kuosha. Tumieni mbao au plastiki. Kumbukeni pia kwamba ngozi ya tanini haistahimili joto kama ile ya kromu. Ikitiwa katika maji yanayokaribia kuchemka husinyaa na kukakamaa.

Unga wenyewe huwasha macho na koo, hivyo vaeni barakoa na miwani mnapoumimina, na mmimine polepole karibu na maji. Maji yaliyokwisha kutumika yasielekezwe mtoni kwa kudhaniwa kuwa hayana madhara kwa vile yametokana na mti. Yana uchafu mwingi unaomaliza oksijeni majini, na weusi wake huzuia mwanga kufikia mimea ya chini, nao samaki hufa. Yarudieni kuongezea nguvu na kuyatumia tena kwa ngozi mpya, na yakichoka kabisa yapelekwe kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka.

Lipo na jambo la afya ambalo nalisisitiza kwa kila anayeingia kazini. Mtu akijikata au akiungua, asipakwe maji ya hodhi ati yanakausha kidonda. Kuanzia mwaka 1925 hospitali nyingi za Marekani na Uingereza zilitibu majeraha ya moto kwa asidi ya tanini, na katika miaka ya 1940 zikaiacha baada ya kubainika kwamba huingia mwilini kupitia kidonda na kudhuru ini. Jeraha lioshwe kwa maji safi yanayotiririka, lifunikwe kwa kitambaa safi, na mwenzenu apelekwe zahanati siku hiyohiyo.