Mdogo Wangu, Usiuze Pikipiki

Juzi kijana mmoja wa Likoni ameniandikia: "Kaka, kuna mzee anataka laki tatu anipatie barua ya kuitwa jeshini, KDF. Niuze pikipiki?" Nikaweka kikombe cha chai chini. Swali hilo nalijua. Mimi niliuza mkufu wa mamangu.

Ukikulia Mtongwe, hapa Mombasa, jeshi unaliona kila siku. Wanamaji wanatoka kambini na sare zimenyooka, nawe una kandambili. Mwaka 2014 nilikuwa na miaka 20, na masharti yote ya ukurutu ninayo: umri kati ya 18 na 26, urefu wa kupita mita 1.60, kitambulisho, cheti. Mbio nilimaliza wa nne. Nikafunguliwa mdomo kama mbuzi wa mnadani, meno yakahesabiwa, nyayo zikaangaliwa. Nikaachwa. Sababu sikuambiwa, na nisiseme uongo, mpaka leo inaniuma.

Jioni ile ile dalali akanifuata. Elfu themanini. Barua aliyoniletea ilikuwa na muhuri, na jina langu limepungua herufi moja. Nilipofika Eldoret, kwenye kambi ya kufunzia makurutu, askari wa langoni aliitupia jicho mara moja akanirudishia. "Kijana, rudi nyumbani." Safari ya kurudi siielezi.

Sasa sikieni aibu ya pili. 2017, mimi huyu huyu niliyekuwa nikimlaani dalali nikapokea mia tano na fulana kutoka kwa mgombea wa wadi, nikampa kura. Mtaro mbele ya nyumba yetu ukanuka miaka mitano. Igawe mia tano kwa miezi 60: shilingi nane na senti. Hamri moja hupati.

2022 nikatia akili. Tarehe 9 Agosti hapa Mombasa tulipewa karatasi tano za kura badala ya sita, maana za ugavana zilichapishwa na makosa, na mwishowe tukaambiwa turudi tarehe 29. Mtaani kwetu wengi wakasema wamechoka. Mimi nilirudi. Foleni ilikuwa fupi hata nikaona haya kwa niaba ya jirani zangu. Nikangoja mpaka fomu ya matokeo ikabandikwa mlangoni, nikaipiga picha. Wallahi, siku ile nilisimama wima kuliko siku ya mbio.

Kwa hivyo vijana wenzangu, usajili wa jeshi ni bure. Kujiandikisha kura ni bure. Anayekuuzia nafasi na anayekununulia kura wamenyonya ziwa moja. Msinunue, msiuze! Mkiachwa uwanjani, rudini mwaka mwingine madamu umri unaruhusu. Na uchaguzi wa Agosti 2027 msiniambie mmechoka. Nani alikwambieni nchi inalindwa na wenye bunduki peke yao?

Hayo yote nilimwandikia yule kijana. Saa nne usiku akajibu: alishamtumia mzee arbuni ya elfu ishirini, na simu ya mzee haipatikani.