Re: Miwani ya VR inamsaidia nini mtu wa eksirei teatini?

Mkuu, umeuliza kama miwani ya VR (ile inayokuonyesha mazingira ya kompyuta kana kwamba uko humo) inaweza kumfundisha mtu wa eksirei kazi yake teatini, yaani chumba cha upasuaji, wakati wa upasuaji wa mifupa, au ni mchezo tu. Inafundisha, ila si kila kitu.

Chukua paja la bodaboda aliyeanguka mteremko wa Iwambi, Mbeya. Chuma, yaani msumari mrefu wa kuunga mfupa, kimeshaingia ndani ya mfupa, zimebaki skrubu za chini za kukishikilia. Daktari anataka tundu la chuma lionekane duara kamili. Likionekana kama yai, ile mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C imekaa upande. Anayeanza hupiga picha ovyo akitafuta, na kila picha ni mionzi. Kwenye miwani unazungusha mpaka mkono uzoee, bila mionzi hata chembe. Zipo programu zinazoonyesha pia mionzi inavyotawanyika: mingi iko upande wa tyubu (sehemu ya mashine inayotoa mionzi), na ukiongeza umbali mara mbili inabaki kama robo.

Isichokupa ni uzito wa mashine, nyaya miguuni na daktari anayefoka (huyo utamzoea).

Ila ulizia kwanza hospitali unayokwenda inatumia nini. Misumari ya SIGN (aina mojawapo ya vyuma hivyo vya ndani ya mfupa) ilibuniwa makusudi iwekwe bila eksirei ya teatini. Kama ni hiyo, miwani isubiri.